Mwanangu wa kwanza aliugua vimelea sugu hospitalini; sasa naogopa kurudi kujifungua

Mpendwa Mshauri,

Nina ujauzito wa wiki 31, na kadiri siku ya kujifungua inavyokaribia ndivyo usingizi unavyonipotea. Mwanangu wa kwanza, ambaye sasa ana mwaka mmoja na miezi kumi, alizaliwa njiti akiwa na wiki 32 na akalazwa katika wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi maalumu. Wiki ya kwanza aliendelea vizuri. Alikuwa akipewa maziwa yangu kwa mpira wa puani na kuongezewa oksijeni kidogo. Siku ya tisa alibadilika ghafla. Mwili ulilegea, tumbo likajaa, pumzi zikawa zinakatika, na joto lake likashuka badala ya kupanda. Walimtoa damu ya kuotesha vimelea na papo hapo wakamwanzishia ampisilini na jentamisini, dawa ambazo nilikuja kuelezwa kwamba ndizo huanziwa nazo mahali pengi. Hakupata nafuu, wakabadilisha. Majibu ya maabara yalipotoka, tuliambiwa ni Klebsiella, aina ya bakteria ambayo dawa nyingi za wodini haziiwezi, isipokuwa meropenemu na amikasini. Watoto wawili waliolazwa karibu naye walikutwa na bakteria hao hao, na mmoja wao alifariki. Wangu alipona baada ya majuma ya sindano, na leo anakimbia nyumba nzima.

Linalonisumbua sasa si la kitabibu peke yake. Katika mimba ile niliandikiwa viuavijasumu (antibiotiki) mara mbili kwa ajili ya maambukizi ya njia ya mkojo. Mama mkwe aliposikia habari za usugu, yaani bakteria kutosikia dawa, alihitimisha kwamba mimi ndiye niliyemzoesha mtoto dawa akiwa tumboni. Halisemi kwa ukali, ila hulirudia kila wageni wanapouliza habari za mjukuu wake, na mimi nimefika mahali ninaamini. Hivi karibuni nimepimwa tena mkojo, nimekutwa na maambukizi, nimeandikiwa dawa. Dawa hizo zimo kabatini na sijazigusa.

Mama mkwe anataka nijifungulie nyumbani kwake, akisaidiwa na mkunga mstaafu anayemfahamu, kwa sababu vijidudu vile, anavyosema, makao yake ni hospitali. Wifi yangu anapinga. Anataka niende hospitali lakini nidai mtoto achomwe sindano za viuavijasumu mara tu atakapozaliwa, ziwe kinga. Mume wangu anasema atakubaliana na lolote nitakaloamua, jambo ambalo huniacha peke yangu zaidi. Na sasa limezuka jingine: mama mkwe ameshauri mwanangu mkubwa ahamie kwake kwa miezi kadhaa mdogo atakapozaliwa, kwa kuwa huenda bado anabeba vimelea vile.

Je, ni kweli mimi ndiye chanzo? Nijifungulie wapi? Nimtenge mwanangu ili nimlinde mdogo wake?

Mama wa Njiti

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, Mama wa Njiti,

Niruhusu nianze na dawa zilizo kabatini, kwa kuwa mengine yote tunaweza kuyazungumza taratibu lakini hilo halisubiri. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mjamzito yasipotibiwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo, na yanahusishwa na uchungu kuanza kabla ya wakati pamoja na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Wewe tayari umewahi kujifungua kabla ya wakati. Yaani hofu ya kurudia yaliyompata mwanao wa kwanza inaweza, bila wewe kutaka, kukusogeza karibu na hali ile ile iliyomfikisha katika wodi ile. Nakuomba uwasiliane na kliniki leo, uwaeleze wazi kwamba umesita na kwa nini, na uwaulize kama mkojo ulioteshwa maabara na kama dawa waliyokuandikia ndiyo inayowaweza bakteria walioonekana. Hayo ni maswali ya mgonjwa makini, na hakuna mhudumu mwenye busara atakayeyachukulia kama ukaidi.

Sasa nikusome tena, uniambie kama nimekuelewa. Umebeba mambo matatu yaliyofungwa katika furushi moja: lawama kuhusu yaliyopita, uamuzi kuhusu mahali pa kuzalia, na hofu kwamba mtoto wako mmoja anaweza kuwa hatari kwa mwenzake. Nadhani yanakuelemea zaidi kwa sababu yamefungwa pamoja. Ukiamini kwamba wewe ndiye chanzo, basi kila dawa inakuwa sumu, kila ushauri wa mama mkwe unakuwa hukumu, na hata kukaa na mwanao nyumbani kunaanza kuonekana kama uzembe.

Kuhusu lawama, nina swali: umejuaje? Wazo la kwamba mtoto alizoeshwa dawa tumboni limeenea sana, na linasikika kama lina mantiki, lakini usugu hauko katika mwili wa mtoto. Uko katika bakteria. Miongoni mwa mamilioni ya bakteria huwapo wachache wenye jeni linalowawezesha kutengeneza kimeng'enya, yaani kemikali ya kuivunja dawa. Dawa inapoingia, dhaifu hufa na hao wachache hubaki wakiwa na nafasi tele ya kuzaana. Kibaya zaidi, Klebsiella na jamaa zake hupeana jeni hizo, hata kati ya aina moja na nyingine, kama majirani wanaoazimana panga, isipokuwa hapa kila anayeazima hubaki na panga lake. Tatizo hili halikuanza na mimba yako. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha juu yake mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel.

Sitakudanganya ili nikufariji. Ni kweli kwamba mtu akimeza kiuavijasumu, kwa muda fulani bakteria sugu huongezeka tumboni mwake, na ni kweli kwamba mtoto hupata bakteria wake wa kwanza kutoka kwa mama anapozaliwa. Lakini itazame barua yako mwenyewe. Maambukizi ambayo mtoto huyapata kwa mama wakati wa kuzaliwa kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 72 za kwanza. Ya mwanao yalijitokeza siku ya tisa, akiwa na mpira puani, ndani ya wodi ambamo watoto wengine wawili walikuwa na bakteria hao hao. Mama zao nao walimeza dawa zako? Picha unayoichora inaelekea zaidi kwenye maambukizi yaliyosambaa ndani ya wodi, ambako Klebsiella hupita kwenye mikono, masinki, mipira na vifaa vinavyotumiwa na zaidi ya mtoto mmoja. Hata hivyo nisingependa tuutue mzigo begani mwako ili tumtwishe muuguzi fulani. Mahali ambapo mtu mmoja anahudumia vitanda vingi na maji hayatoki kila saa, bakteria huyu hahitaji mzembe ili asambae.

Nadhani pia umebaki na mashaka kuhusu kubadilishwa kwa dawa, ingawa hukuuliza. Kuotesha damu huchukua siku mbili au tatu hadi majibu kamili yatoke, na mtoto mchanga mwenye maambukizi kwenye damu hawezi kusubiri hata nusu ya muda huo. Kwa hiyo daktari huanza kwa kukisia, kisha hurekebisha. Ukubwa wa tatizo ulionekana katika utafiti wa NeoOBS, uliofuatilia watoto wachanga zaidi ya 3,200 katika hospitali 19 za nchi 11 kati ya 2018 na 2020: Klebsiella pneumoniae ndiye aliyeongoza kwa kuonekana katika damu, na madaktari walijikuta wakitumia michanganyiko ya dawa zaidi ya 200. Madaktari wa mwanao walikuwa katika njia panda ile ile waliyomo wenzao duniani kote.

Tuje kwenye mahali pa kujifungulia, ambapo ndipo familia yako imegawanyika. Nimeona kwamba ninyi nyote mnasema "hospitali" kana kwamba ni chumba kimoja. Mwanao hakuugua kwa sababu alizaliwa hospitalini. Aliugua kwa sababu, akiwa njiti, alilazimika kukaa siku nyingi katika wodi ya uangalizi maalumu, akiwa na ngozi laini, kinga changa na mipira mwilini, na vitu hivyo vyote ni milango. Mtoto anayezaliwa ametimiza miezi yake na hana tatizo kwa kawaida haingii kabisa katika wodi ile. Hulazwa kifuani pa mama, hunyonya ndani ya saa ya kwanza, hukaa naye, na Shirika la Afya Duniani linashauri waangaliwe kwa angalau saa 24 kabla ya kwenda nyumbani. Hatari ya vimelea kwa mtoto huyo ipo, lakini hailingani na ile aliyopitia kaka au dada yake.

Mama mkwe, kwa upande wake, hajakosea kabisa. Bakteria sugu kwelikweli hujaa zaidi mahali penye wagonjwa wengi na dawa nyingi, na bibi aliyemwona mjukuu wake akichomwa sindano kwa majuma ana haki ya kupaogopa mahali pale. Lakini nyumbani nako kuna hesabu yake. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au mtoto asiyepumua dakika ya kwanza, hahitaji usafi tu. Anahitaji dawa, vifaa na watu ndani ya dakika chache. Zaidi ya hapo, aliyewahi kujifungua njiti ana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kujifungua njiti tena, na ikiwa hivyo, kuzalia nyumbani kutakuepusha na bakteria wa wodi pamoja na oksijeni ya wodi. Wala nyumbani si mahali pasipo na usugu, maana siku hizi wapo watu wengi wenye bakteria sugu matumboni ambao hawajawahi kulazwa popote. Ningependa kujua mkunga huyo mstaafu angejibuje akiulizwa ana vifaa gani mkononi, na ni nani atakayewasafirisha usiku mambo yakiharibika. Huenda atakuwa wa kwanza kukuelekeza kwenye kituo. Nimewafahamu wakunga wa namna hiyo.

Ipo pia njia ya kati, ya kutafuta hospitali nyingine au kituo kidogo cha uzazi chenye wakunga. Kituo kidogo kina utulivu na wagonjwa wachache, lakini uchungu ukianza kabla ya wiki 37 huenda kikalazimika kukupa rufaa, na kusafirishwa ukiwa na uchungu ni hatari inayojitegemea. Hospitali nyingine inaweza kuwa bora au ikawa mbaya zaidi kuliko ile ya kwanza. Hilo halijulikani kwa jina wala kwa rangi ya majengo. Nenda ukaione kabla. Angalia kama kuna maji na sabuni karibu na vitanda, kama watoto hulazwa wawili wawili, kama maabara yao inaotesha damu au huituma mbali, na kama mama huruhusiwa kukaa na mtoto wake hata akiwa mgonjwa.

Hilo la mwisho nalisisitiza kwa sababu limebadilika tangu vitabu vingi vilipoandikwa. Zamani mtoto njiti alisubiri hadi atulie ndipo aanze huduma ya kangaruu, yaani kubebwa ngozi kwa ngozi kifuani pa mama. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulianza huduma hiyo mara tu mtoto anapozaliwa, mama akikaa ndani ya wodi yenyewe. Walifariki watoto 12 kati ya kila 100, ilhali kwa waliosubiri kama ilivyozoeleka walifariki karibu 16. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kuianza mapema hivyo. Mtoto wa kifuani hupata bakteria wa mama yake badala ya wale wa wodi, hupata maziwa ya mama kwa wepesi, na hushikwa na mikono michache. Ukiuliza kama hospitali inafanya hivyo, jibu litakueleza mengi kuhusu namna wanavyofikiri.

Popote utakapochagua, nenda na karatasi za kuruhusiwa kwa mwanao wa kwanza zenye jina la bakteria na orodha ya dawa zilizowaweza. Mtoto huyu akiugua, taarifa hiyo inaweza kuokoa siku mbili za kukisia. Ina upande wa pili pia, kwamba daktari mwenye hofu anaweza kuikimbilia meropenemu bila sababu, na hiyo ni dawa ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la zinazopaswa kutumiwa kwa uangalifu ili zisije zikaishiwa nguvu. Kwa hiyo waonyeshe karatasi, kisha waulize wao wangeanza na nini.

Wifi yako amesoma, na anachokisema hakikutoka hewani. Wapo watoto wanaopewa ampisilini na jentamisini kabla ya kuonyesha dalili yoyote: chupa ya uzazi ikipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua, mama akiwa na homa kali wakati wa uchungu, au maji ya uzazi yakitoa harufu mbaya. Lakini mtoto asiye na hata moja kati ya hayo akichomwa sindano "kwa tahadhari", anapoteza bakteria wema ambao wangeziba nafasi, na nafasi hiyo hiyo ndiyo Klebsiella sugu huitafuta. Jentamisini nayo ina madhara yake kwa figo na masikio, ndiyo maana kipimo chake huangaliwa sana. Na kwa njiti, dawa zikiendelea siku nyingi bila maambukizi kuthibitishwa, zimehusishwa na ugonjwa hatari wa utumbo. Badala ya kudai sindano au kuzikataa, unaweza kukubaliana na daktari mapema ni dalili zipi zitawafanya waanze, na kama damu ikioteshwa bila kuota kitu huku mtoto akiwa mzima, ni lini wataacha. Swali la kuacha mara nyingi husahaulika. Wazazi huogopa zaidi dawa inapositishwa kuliko inapoanzishwa.

Kuhusu mwanao mkubwa, ninakiri kwamba sehemu hiyo ya barua imenigusa kuliko zote. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto hubeba bakteria kama hao tumboni kwa miezi mingi bila kuumwa, na kwa wengi hupungua kadiri muda unavyopita. Hubebwa katika kinyesi, si katika pumzi wala kumbatio. Kinachohitajika ni mikono kuoshwa kwa sabuni kila baada ya kumsafisha, na kabla ya kumshika mdogo wake. Muulize daktari wa watoto kama anaona haja ya hatua nyingine. Nami nikuulize wewe: ukimwondoa nyumbani wiki ile ile anayopata mdogo wake, ni nani atakayemweleza sababu, na kwa maneno gani? Huenda bado ukaona inafaa akae kwa bibi yake siku chache ili upumzike. Hiyo ni sababu nyingine, na ingependeza iitwe hivyo.

Limebaki la mumeo. "Nitakubaliana na lolote utakaloamua" ni maneno ya upendo, lakini yanaweza pia kuwa mahali pa kujificha. Jaribu kumpa kazi mahususi badala ya kumwomba maoni: aende nawe kuitembelea hospitali, na aongee yeye mwenyewe na mama yake kuhusu lile analolirudia mbele ya wageni. Likitoka kwako litakuwa ugomvi wa mkwe na mkaza mwana. Likitoka kwake ni mtoto anayezungumza na mzazi wake.

Mama mkwe naye anaweza kupewa nafasi katika ulinzi anaoutafuta. Dalili za hatari kwa mtoto mchanga anaweza kuzijua kila mtu wa nyumba: asiyenyonya vizuri, mwenye degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinachobonyea ndani anapovuta pumzi, joto la nyuzi 37.5 na kuendelea au chini ya 35.5, na anayejongea pale tu anapoguswa. Mwanao alishuka joto, kwa hiyo ninyi mnajua tayari kwamba kusubiri homa si salama. Dalili mojawapo inatosha kumpeleka mtoto hospitalini saa hiyo hiyo, bila kumpa kwanza dawa iliyobaki nyumbani. Bibi anaweza kufundishwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia, na kliniki nyingi zitamwelekeza akifika pamoja nawe. Kama atakubali kuja, mwulize siku mtakayokuwa wawili, wageni wakiwa wameondoka.